Jina Ambalo Kiunga Hakutaka Kulitaja

Kianjai, 16 Juni 1996

Mdogo wangu Ireri,

Pokea salamu zetu. Huku hatujambo. Mvua ilitukimbia mwezi wa Mei na mahindi yamekaukia magotini, lakini njahi, yale maharage meusi, zimejikaza. Darasa langu la nane lina watoto hamsini na mmoja, na madawati ni ya thelathini. Mukami na watoto wako wazima? Nimesikia yule mdogo ameanza kutembea. Mwambie shangazi yake amefurahi. Jumamosi iliyopita nilifika Kanja kumwona Mama. Goti la kulia bado linamsumbua, na bado anapanda kilima kwenda kanisani akikataa kushikwa mkono.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu. Mwaka jana, serikali ilipowauzia wananchi hisa za kampuni yake moja, watu ishirini na watatu tuliandikisha majina yetu kupitia kwa madalali wa Nairobi wanaoitwa Ukingo. Ni walimu wenzangu, akina mama wa kanisa, na mzee mmoja aliyeuza fahali wake wa pekee. Mama naye alitoa pesa zake za kahawa. Tulipewa risiti zenye muhuri mwekundu, tukaambiwa vyeti vya hisa vitakuja kwa posta baada ya miezi mitatu. Huu ni mwezi wa kumi na moja. Mwalimu mmoja alienda mpaka ofisi yao ya mjini Meru, akakuta pale panauzwa mitumba.

Wewe unafanya kazi katika ofisi inayosimamia madalali hao. Sikuombi upendeleo. Nataka kujua tu tuanzie wapi.

Najua utaniuliza ni nani aliyetuletea fomu. Ni mtu wa hapa hapa, na yeye pia alidanganywa. Hilo liache kwanza.

Dada yako,
Igoki


Nairobi, 30 Julai 1996

Dada Igoki,

Salamu nyingi kutoka kwa Mukami na watoto. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilinifikia mapema, lakini sikutaka kukujibu kwa kubahatisha.

Habari si nzuri. Ukingo walifunga milango mwezi wa Aprili. Mwenye kampuni anaitwa Gedion Njura. Alivuka mpaka wa Namanga, na sasa yuko Dar es Salaam, ambako ameomba leseni ya udalali wa hisa kwa jina la kampuni nyingine. Tuliwaandikia wenzetu wa kule kuwauliza habari za ombi hilo. Walitujibu kwa adabu sana kwamba sheria yao hairuhusu kutoa habari za mwombaji kwa ofisi ya nchi nyingine ikiwa hakuna mkataba. Na kusema kweli, wao wangetuuliza sisi, tungewajibu vivyo hivyo. Huyo mtu anaishi katika ufa huo.

Yapo mazungumzo ya ofisi tatu, ya hapa, ya Kampala na ya Dar, kuandika mkataba wa maelewano ili dalali mbaya akifukuzwa nchi moja asipokelewe nyingine. Mimi ni karani tu wa kamati hiyo. Nabeba mafaili na kuandika kumbukumbu za vikao. Lakini nimeona jambo moja: wakubwa wanazungumza juu ya "wawekezaji" kama wanavyozungumza juu ya hali ya hewa. Nataka faili lenye watu ndani yake. Kusanya hati za kiapo kutoka kwa wote ishirini na watatu. Aliyezipokea pesa na kuzipeleka Ukingo ni muhimu kuliko wote. Bila yeye, Njura atasema hajawahi kuwasikia.

Njura mwenyewe simfahamu zaidi ya yaliyomo ndani ya faili.

Umenipa salamu za Mama, za darasa lako, hata za njahi. Za shemeji Kiunga hukunipa. Hajambo?

Mdogo wako,
Ireri


Kianjai, 8 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Tumezipokea salamu. Nilikuwa nikisahihisha mitihani ya majaribio, tena nilikuwa nikitembea. Nimetembea mpaka kiatu kimoja kikaachia soli.

Ninazo hati ishirini na mbili. Tulienda Meru kwa makundi, mbele ya wakili aliye kamishna wa viapo, kila mtu na risiti yake. Akina mama wawili waliweka dole gumba. Yule mzee wa fahali alimuuliza wakili kama kiapo hicho kinafika ng'ambo ya Namanga. Wakili akacheka. Mimi sikucheka, nikamwambia, "Bado, Mzee. Wanatengeneza njia." Mama alikuja peke yake kutoka Kanja na goti lake, akaandika jina lake zima kwa herufi kubwa: CICILY.

Umeniuliza habari za shemeji yako. Yuko Kangeta kwa kaka yake Kiogora tangu Mei. Ndiye aliyetuletea fomu.

Sasa unajua. Unamfahamu Kiunga: miaka kumi na tisa alikuwa karani wa chama cha ushirika, na hakuna mkulima aliyewahi kukosa risiti yake. Ndiyo maana watu walimpa pesa zao bila kuuliza swali. Siku mwalimu yule aliporudi kutoka mjini Meru, Kiunga alivaa koti, akasema anaenda kumsaidia Kiogora mavuno ya miraa. Watu wamevuna, wamechuma tena na tena, na hajarudi. Kanisani kiti chake hakikaliwi na mtu.

Nimemwandikia mara mbili aje aape. Hajanijibu.

Umesema Njura humfahamu zaidi ya faili. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Haya.

Igoki


Dar es Salaam, 21 Novemba 1996

Dada mpendwa,

Nakuandikia kutoka Dar, shati limenigandia mgongoni. Nimekula samaki mpaka Mukami hataniamini. Mjulie hali Mama, na umwambie hati zimefika salama.

Tumekaa siku tatu katika kikao cha ofisi tatu. Upande wa Dar unaongozwa na mwanasheria mmoja, mama wa makamo, anayesahihisha Kiswahili changu kabla ya kunijibu. Nilisema "hii mkataba", akaweka kalamu chini: "Huu mkataba, ndugu yangu. Tukikosana ngeli, tutaelewana sheria?" Watu wakacheka, na hapo ndipo baridi ya chumba ilipoanza kupungua.

Ugomvi ulikuwa juu ya kifungu kimoja: kwamba ofisi moja ikiomba habari za dalali, nyingine sharti itoe, na isaidie kupata mashahidi. Wa Kampala walihofia kwamba ofisi yao ni changa, itazidiwa na maombi. Wa Dar waliuliza: habari zikivuja, nani atalaumiwa? Wetu walitaka kuahirisha mpaka mwaka mwingine. Karani haongei kikaoni, Dada. Niliongea. Nilifungua faili nikawasomea hati moja tu, ya mwanamke wa Kanja mwenye umri wa miaka sabini na mbili, aliyeuza kahawa yake akanunua karatasi. Sikusema ni mama yangu. Mkubwa wangu alinitazama kwa jicho kali, lakini yule mwanasheria akasema, "Kifungu kibaki. Kama hakina huyu mama, mkataba huu ni wa kupigia picha."

Kimebaki. Kitatiwa sahihi mwakani, Mungu akijalia. Na ombi la Njura litaamuliwa katikati ya mwaka. Muda ni mfupi. Hati ya Kiunga haina mbadala.

Jana nilipita mbele ya ofisi mpya ya Njura. Ina kibao kipya na mlango wa kioo. Sikuingia.

Ireri


Kianjai, 12 Januari 1997

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Krismasi tulikuwa Kanja, na Mama alichinja mbuzi kwa ajili ya wageni ambao hawakuja, yaani wewe na Kiunga. Matokeo ya darasa la nane yametoka: watoto kumi na wanne wameitwa shule za sekondari nzuri. Nimelia kidogo, nikaendelea na kazi.

Jumatatu nilienda Kangeta. Sokoni kelele zilikuwa za mnada, pikapu zimewashwa tayari kukimbiza mizigo Nairobi. Nilimkuta mume wangu ameketi kwenye gunia kati ya wanawake, anafunga vibunda vya miraa kwa majani ya mgomba. Amekonda. Aliponiona alisimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

Nikamwambia, "Nimekuja na hati. Sahihi yako tu ndiyo imebaki."

Akasema, "Igoki, mimi siogopi jela."

"Unaogopa kanisa?"

"Wala kanisa. Waseme wanavyotaka, pesa zao zilipita mkononi mwangu."

"Basi ni nini?"

Akafunga kibunda, akakifungua, akakifunga tena. "Nikiapa, swali la kwanza wataniuliza ni nani aliyenijulisha kwa Njura. Kuna jina moja sitalitaja. Niliapa moyoni kabla ya kuapa mahakamani."

Kiogora alitoka dukani akaanza kumkaripia: watu wanaumia, yeye analinda nani? Kiunga akachukua kibunda kingine. Nilimwachia kofia yake na koti la baridi nikarudi.

Sikumuuliza ni jina gani. Nakuandikia tu alivyosema.

Igoki


Nairobi, 3 Februari 1997

Dada Igoki,

Mukami anakusalimia. Watoto wote wana kikohozi. Nimeanza barua hii mara nne, na kila mara nikifika hapa naweka kalamu.

Jina hilo ni langu.

Njura nilisoma naye sekondari, kitanda chake kikiwa juu ya changu. Shemeji alipokuja Nairobi mwaka wa 1995 kutibiwa macho, alilala kwangu wiki mbili. Njura alitualika chakula cha mchana. Aliposikia Kiunga alikuwa karani wa ushirika, macho yalimng'aa. Aliniuliza mbele yake, "Huyu ni mtu wa kuaminika?" Nikasema, "Kuliko mimi." Na Kiunga aliponiuliza mimi kando kama Njura ni mtu wa kuaminika, nilisema ndiyo. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshiba na alikuwa amenisifu. Neno moja tu, Dada.

Nilikudanganya niliposema simfahamu. Na Dar nilikuambia sikuingia kwake. Ni kweli sikuingia, ila yeye alitoka. Aliniita kwa jina langu la utani la bwenini, akaniambia nimsalimie Kiunga, na kwamba ndugu hawashtakiani. Hapo nilielewa kwamba amekuwa akilitegemea hilo tangu mwanzo, kwamba mimi nitamnyamazia yeye na Kiunga ataninyamazia mimi.

Leo asubuhi niliingia kwa mkubwa wangu nikamweleza yote: shule, chakula kile, shemeji, Mama. Nilimwandikia pia kwa mkono wangu na kutia sahihi. Akaniuliza, "Unajua hii inaweza kukutoa kazini?" Nikamwambia najua. Bado sijapewa uamuzi.

Mwambie Kiunga alitaje jina langu. Alitaje lote, na la baba.

Ireri


Kianjai, 15 Februari 1997

Ireri,

Salamu baadaye.

Nilijua tangu Mei. Kiunga aliniambia siku ile ile alipovaa koti, akaniapisha nisikuulize. Barua yangu ya kwanza nilikuandikia nikitumaini kwamba utajibu kwa kusema, "Dada, ni mimi niliyemleta." Badala yake ukaniambia habari za faili. Miezi minane nimekungoja ndani ya barua zako kama mtu anayengoja kwenye kituo.

Hasira ninayo, sitakuficha. Lakini umesema kabla hujalazimishwa, na umemwambia mkubwa wako kabla ya kuniambia mimi. Huo ndio mpangilio sahihi. Mwalimu wako wa kwanza nilikuwa mimi, kwa hiyo nitakupa alama zako.

Barua yako nilimpelekea Kiunga Kangeta kwa mkono wangu. Aliisoma amesimama. Akauliza, "Ameandika mwenyewe?" Nikamwambia, tazama mwandiko. Akavua aproni ya miraa, akamkabidhi Kiogora, tukapanda gari la kwenda Meru siku hiyo hiyo. Hati yake ina kurasa sita. Naituma kwa posta ya rejista, kwa anwani ya ofisi, si kwako.

Amerudi nyumbani.

Igoki


Nairobi, 20 Aprili 1997

Dada,

Nashukuru kwa barua yako, hasa mahali palipouma. Watoto wamepona. Mukami alininunia wiki nzima, kisha akasema afadhali mume wa ghala kuliko mume wa uongo.

Nasema ghala kwa sababu ndiko nilikopelekwa. Sikufukuzwa. Nimepewa onyo la maandishi na kuhamishiwa chumba cha mafaili ya zamani, chini kabisa, ambako hata redio haishiki. Ni haki. Mtu mwenye uhusiano na shauri hawezi kulishika shauri.

Mkataba umetiwa sahihi mwezi uliopita. Sikuwepo. Nilisikia makofi kutoka ghorofani nikajua. Watu wanasema ombi la kwanza kabisa lililotumwa chini yake lilikuwa la Njura, lakini hilo silijui, na hata ningelijua nisingeweza kukuambia. Kuanzia sasa ofisi itakuandikia wewe na Kiunga moja kwa moja. Wakiwaita, nendeni. Msiningoje mimi.

Mimi hapa napanga mafaili kwa miaka. Nimegundua madalali wawili wa zamani waliofukuzwa Kampala wakapokelewa hapa bila mtu kujua, na nimeandika ripoti ya kurasa tatu juu yao. Hakuna aliyeniomba. Nitaipeleka juu hata hivyo.

Mdogo wako,
Ireri


Kianjai, 17 Agosti 1997

Mdogo wangu Ireri,

Pokea salamu za kila mtu, na leo nakupa za shemeji yako kwanza. Yuko hapa nje anatengeneza uzio na kuimba vibaya. Mama yuko salama. Nimeomba ruhusa ya wiki moja shuleni na nimeirudisha ikiwa imekwisha kabisa, maana tumetoka Dar es Salaam.

Walituita. Barua ilitoka ofisi ya kule ikapitia ofisi yenu, ina mihuri miwili, nami niliisoma kama mtu anayesoma cheti cha ubatizo. Kiunga, mwenye miaka hamsini na nane, ambaye hakuwahi kuvuka Nairobi, alipata hati ya kusafiria ya muda. Namanga, ofisa alimuuliza anaenda kufanya nini. Akajibu, "Naenda kukiri." Nikalazimika kueleza.

Chumba cha kamati kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Njura aliketi mbele na wakili wake, amevaa tai ya buluu. Alitutazama akatabasamu, kama tumekuja kumtembelea. Yule mwanasheria wako wa ngeli ndiye aliyeuliza maswali.

"Nani aliyekujulisha kwa mwombaji?"

Kiunga akasimama. "Shemeji yangu, Ireri wa Nthiga, kaka wa mke wangu. Amekiri kwa maandishi, na ameniruhusu nimtaje."

Hapo tabasamu la Njura likaisha. Nililiona likiisha, Ireri. Wakili wake akachukua karatasi zake haraka, akasema mteja wake hakuwahi kuwa na wakala Kianjai. Kiunga akatoa kijitabu cha mkononi ambamo aliandika kila risiti na tarehe aliyompelekea Njura pesa, pamoja na sahihi ya Njura kila ukurasa. Miaka kumi na tisa ya ushirika haimtoki mtu. Wakili akageuza njia: "Wewe si raia wa nchi hii. Mambo ya Kianjai yanaihusu nini kamati ya Dar es Salaam?"

Kiunga alifunga kijitabu. Kiswahili chake unakijua, anakisukuma kama mkokoteni. Akasema, "Mimi niliuza karatasi kwa watu walioniamini. Nikikaa kimya kwetu, huyu atapata Kiunga mwingine huku Moshi, ama Tanga. Huyo mtu simjui, lakini mimi najua vile atalala. Nimekuja kwa sababu yake."

Hakuna aliyemsahihisha ngeli.

Walimnyima Njura leseni siku ya pili. Akaunti yake ya benki ya Arusha imezuiwa, na siku ya tatu polisi walimchukua. Mengine ni ya mahakama za nchi mbili na yatachukua muda. Tumeambiwa huenda tukapata sehemu, si zote. Jumapili iliyopita Kiunga aliomba nafasi kanisani. Alisimama akawaambia wenzetu wa hapa Kianjai yaliyotokea bila kukutaja, kilichopatikana na kisichopatikana, na kwamba akiitwa na korti ataenda tena. Wengine walimpa mkono. Yule mzee wa fahali alitoka bila kumsalimia, na Kiunga akasema ana haki.

Sasa limebaki moja, na ni lako. Mama anajua Kiunga alileta fomu. Anajua Njura amekamatwa. Hajui ni nani aliyemwambia Kiunga kwamba Njura ni mtu mwema, na tumekubaliana mimi na mume wangu kwamba hatasikia kutoka kwetu.

Njoo Kanja Jumamosi ya tarehe thelathini. Usimtume Mukami, wala usimwandikie Mama barua ya kusomewa na mtu. Uketi mbele yake umwambie kwa mdomo wako, kwa Kiembu, lugha yetu ya nyumbani. Atakukasirikia, na utakaa hapo hapo mpaka amalize. Mimi nitakuwa nimeketi kando yako.

Dada yako,
Igoki